Tariki Anauliza Kabla ya Kujenga

Katika miaka ile ya vita, Honorine alirudi Nyamianda akakuta nyumba yake imechomwa. Yeye na watoto wake wanne, Keza akiwa mkubwa wao, wakawa wanalala katika darasa moja la shule. Kila asubuhi walikunja mikeka kabla wanafunzi hawajaingia. Sasa mwalimu alikuwa anadai darasa lake, na zilibaki wiki chache tu mvua zianze.

Mabati yalikuwapo. Kabla ya kukimbia, Honorine aliyang'oa akayafukia kiwanjani, kama walivyofanya wengi. Sasa akayafukua kwa siri, akarudisha udongo, akausawazisha vizuri. Kisha akamwita fundi aje kuanza msingi.

Jirani yake Tariki akaja kusaidia. Kijana huyu alisomea ujenzi Bukavu miaka mitatu, mpaka vita vikamkatiza. Lakini hakubeba tofali hata moja! Alishika kamba, daftari na chuma chembamba. Akaanza maswali. Maji ya mlimani yanapita wapi? Mawe yatafika lini? Honorine akachanganyikiwa.

"Tariki, weye ulisoma kujenga ao kuuliza?"

"Yote mbili, Mama Keza. Hapa mulichimbaka?"

Honorine akashtuka. Siku zile, mtu akikuuliza ulichimba wapi, alitaka kujua umeficha nini.

"Hapana," akasema.

Tariki akachoma chuma ardhini. Kikazama chote. Honorine hakujua afikiri nini. Huyu ni mtaalamu, au mwizi mwenye daftari?

"Mama, minye sitafute mali yako," Tariki akasema taratibu. "Kule Bukavu tulijifunza kupima udongo na uzito wa nyumba. Tulijifunza kupanga: kazi gani itangulie, vifaa vifike lini, fundi asiumie. Udongo wa kurudishia iko laini. Mvua ikinyesha, kona itazama, ukuta utaangukia watoto."

Aibu ikamshika Honorine. "Ni shimo la mabati," akanong'ona.

Wakisaidiana na fundi, wakaondoa udongo ule wote mpaka kwenye ardhi ngumu. Msingi wa mawe ukaanzia huko chini. Mawe waliyaleta kwanza, kabla barabara haijafungwa tena. Upande wa mlima wakachimba mfereji. Kisha kuta zikasimama, mabati yakapigiliwa juu.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, kubwa kweli. Maji yakafuata mfereji. Honorine akapapasa kuta zote nne, asione ufa. Akafurahi mno. Darasa lilikuwa limesharudi kwa wanafunzi.

"Na weye masomo utamaliza lini?" akamuuliza Tariki.

"Sijue, Mama. Barabara ya Bukavu iko imefungwa."

Honorine akamhurumia kijana yule.

"Basi usikae bure, mutoto wangu. Jirani yetu Pudentienne anataka kuanza musingi wa nyumba yake. Twende ukamuulize."

Tariki akachukua daftari lake, wakatoka.