Nilipeleka Jiwe la Mama Kwenye Msumeno

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Naishi Koboko, Uganda, nauza chai na chapati karibu na stendi ya magari. Nina watoto, nina afya, na kanisani bado nasimama na kuimba. Ukiniona huwezi kujua nilichomfanyia mama yangu mzazi... Nimeamua kusema kwa sababu nimechoka kuitwa mtu mwema!

Yote yalianza kwa mteja wangu mmoja, dalali wa mawe. Alivaa pete yenye jiwe la kijani, akasema ni jedi, aina inayoitwa nefraiti. Mtu huyo alipenda kufundisha! Aliniambia nefraiti ni nzito, ukiishika ni baridi na inakawia kupata joto la mkono. Kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Tena haivunjiki ovyo, maana ndani yake kuna nyuzi ndogo sana zilizosukana kama mkeka. Unaweza kuigonga kwa nyundo ukachoka wewe.

Nilikuwa nakanda unga, mikono ikasimama. Jiwe hilo nilikuwa nalijua!

Nyumbani kwetu Logiri, mama alikuwa na mawe mawili ya kusagia simsim, yaani ufuta. Lile kubwa la chini lilikuwa la kawaida. Lile dogo la juu, linaloshikwa kwa mikono, lilikuwa la kijani iliyokolea, laini, linang'aa. Aliachiwa na shangazi yake. Kwa wazee wetu, mwanamke akifa, jiwe lake dogo huwekwa naye kaburini. Siku hizi wengi wameacha, wanapeleka simsim kwenye mashine, lakini mama alishikilia. Alishatuambia tusimzike bila jiwe lake.

Mtu mwenye akili angekumbuka hayo akanyamaza. Mimi niliona duka! Duka la matofali, lenye kaunta, na mimi nimekaa nyuma yake nikiwa sinuki moshi. Nilijiambia, kufukia mali udongoni, si ujinga huo?

Wakati huo mama alikuwa mgonjwa, miguu imevimba, hatoki kitandani. Aliyemtunza ni wifi yangu Ayikoru, mke wa kaka yangu, binti wa kijiji cha Adumi. Ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemnywesha uji. Mimi nilikuwa mtoto wa kuja Jumapili na sukari. Basi Jumapili moja, Ayikoru alipokwenda kuteka maji, niliingia jikoni nikalifunga jiwe kwenye kitenge, nikaliweka chini ya mihogo niliyopewa na yeye mwenyewe.

Dalali alilishika, akalikwaruza, akaligonga.

“Mama, hii iko nefraiti ya kweli,” akasema. “Lakini bei iko ndani. Lazima tukate, tuone rangi.”

Nilimuuliza kama halitaharibika. Akacheka, akaniuliza nani anauziwa mbuzi ndani ya gunia. Nikakubali! Tukalipeleka Arua kwa fundi mwenye msumeno wa maji, ule wenye makali ya almasi.

Nikiwa pale nje nasubiri, kaka yangu akapiga simu. Mama ameomba aletewe jiwe lake alishike, na jiwe halionekani. Analia kama mtoto. Kaka aliniuliza kama nimeliona.

Ningeweza kusema hapana tu. Lakini ulimi wangu...

“Sasa nani mwingine anaingia jikoni hiyo kila siku?” nikamwambia.

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza, wasomaji. Msumeno ulikuwa bado unalia.

Fundi alitoka na vipande viwili. Ndani jiwe lilikuwa la kijivu, lina madoa meusi na nyufa.

“Hii jiwe mulikuwa munasaga nayo simsim?” akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akanieleza kwamba mafuta ya miaka mingi yameingia kwenye vinyufa vya juu, ndiyo maana ngozi yake imekolea na kung'aa. Nefraiti ni nefraiti, lakini thamani iko kwenye kijani iliyo sawasawa na mwanga unaopenya. “Iko ya kweli, mama. Lakini hakuna mutu atanunua.” Dalali alikuwa ameshaanza kutafuta boda.

Ningeweza kurudisha vipande siku ile ile! Nilisema kesho. Kesho ikawa keshokutwa... Huku nyuma mama alikataa kula chochote kutoka mkononi mwa Ayikoru. Watu wa ukoo wakaketi, wakasema arudi kwao Adumi mpaka jiwe lipatikane. Aliondoka kwa miguu, akiapa njia nzima.

Nani akaja kumtunza mama? Mimi! Nilimlisha kwa kijiko, akanishika mkono akasema nimebaki mimi peke yangu. Nikamchotea kijiko kingine. Wiki ya tatu akafariki. Kaburini waliweka jiwe la jirani.

Baada ya mazishi nilimwambia kaka yangu kila kitu. Hakunipiga. Alikaa chini palepale, akaniomba twende Adumi nikarudie maneno yale mbele ya mke wake.

Ayikoru alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

“Mama alikufa anajua si mimi?”

Nikamwambia hapana. Akainuka, akaingia nyumbani kwa mama yake, akafunga mlango. Mpaka leo hajarudi, na kaka yangu anajipikia mwenyewe.

Nawasihi ninyi mnaosoma... ukiiba, rudisha hata kilichoharibika, maadamu mwenyewe bado anapumua! Mama angenilaani, ndiyo, nilistahili. Lakini angemwita Ayikoru ampe uji, naye angekunywa.