Faili la Kuazima

Kila Jumamosi Lulu alivua viatu mlangoni, akafagia chumba cha kompyuta cha shangazi yake pale Makambako, kisha akaondoa vitambaa vya kufuma vilivyofunika mashine. Jumamosi hiyo ya mwaka 2002 alimkuta shangazi Salha kitini, macho mekundu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo usiguse kitu."

Shangazi alikuwa ametengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za dawa za hospitali moja ya Makete. Aliiandika kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux, lakini ile ya hospitali ilitumia Windows. Ilibidi aviunganishe vipande vyote vya programu viwe faili moja linalofanya kazi kwenye mfumo huo mgeni. Kila akijaribu, skrini ilimjibu kwamba kazi fulani, yaani maagizo madogo ambayo programu huyategemea, zimeitwa na hazionekani. Makosa yalifika arobaini.

Mzee Nahumu, dereva wa hospitali, akachungulia mlangoni. "Mama, mwisho saa nne. Mvua ikitukuta mlimani hatufiki. Na mganga mkuu amesema programu isipokuja leo, tunarudia daftari moja kwa moja."

Miezi mitano ya jasho ilikuwa inapotea hivi hivi. Shangazi akaanza kufuta kurasa alizoandika, akidhani kosa limo humo. Lulu alijua kosa lilipo.

Jana yake alitumwa kupakua maktaba ya Windows, yaani faili lenye kazi zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu huziita. Laini ya simu iliyoleta intaneti ilikatika mara tatu. Lulu, ambaye subira hakujaliwa, akachukua maktaba ya Linux iliyokuwemo tayari kwenye kompyuta ya shangazi na kuiweka mahali pake. Nyumbani kwao chumvi ikiisha huazimwa kwa jirani, na chumvi ni chumvi. "Tayari, shangazi," akasema, akaenda zake kucheza.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu, na shangazi alikuwa akifuta ukurasa wa tatu.

"Shangazi, acha!" Lulu alilia. "Kazi yako haina kosa! Ile maktaba ni ya Linux. Niliazima tu, nikakudanganya."

Shangazi aliacha kufuta. Hasira ilimjaa, lakini saa haikumngoja. Akarudisha kurasa kutoka kwenye diski ya akiba, akatafuta sidii yenye msimbo, yaani maandishi ya asili, wa maktaba ile, akaijenga upya kwa ajili ya Windows. Makosa arobaini yakawa mawili. Katika amri ya kuunganisha akaisogeza maktaba nyuma ya kipande kinachoiita, maana kompyuta huvisoma kwa mpangilio, akajaribu tena. Nje Nahumu aliwasha gari.

Skrini ikatulia. Hakuna kosa hata moja!

Shangazi akainakili programu kwenye diski, na Lulu akakimbia nayo peku mpaka dirishani kwa dereva. Aliporudi, alisimama mbele ya shangazi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," shangazi alisema. "Kosa lako, mwanangu, lilitaka nusu saa tu kutengenezwa. Ulivyonyamaza, nimekesha nalo usiku kucha. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama utagombezwa."