Mbio Zilizotoka Majini

Nyumba ya Lusia haijui ukimya. Pita asubuhi, kuna mtu anakunywa chai. Pita mchana, mmoja anasukwa nywele na watatu wanasimulia. Jioni ndiyo usiseme. Nyumba hiyo iko pale mji wa Mpanda unapoishia na msitu wa miombo unapoanza, njia ya kwenda Kasokola. Nyuma yake kuna kilima. Nyuma ya kilima kuna bwawa la Kanyamsenga. Maji ya bwawa hilo ndiyo yanayotoka kwenye mabomba ya mtaa mzima.

Mwezi wa kumi na moja ukifika, mtaani habari ni moja tu: mbio za baiskeli.

Mbio hizo hufanyika kila mwaka, siku ya pili ya Noeli. Watu hushindana wawili wawili. Mmoja anaendesha, mwenzake anakaa kwenye keria. Wanazunguka msitu kwenye njia za changarawe. Wanapanda, wanashuka, wanatokwa jasho. Mwishoni wanateremka kilima moja kwa moja mpaka bwawani. Baiskeli ya kwanza kuingiza tairi majini ndiyo mshindi.

Kwa nini majini? Kwa sababu ya ubishi. Zamani walichora mstari kwenye vumbi, na kila mwaka watu walitaka kushikana mashati. Lakini maji yakiruka, kila mtu ameona. Ugomvi ukaisha.

Mwaka huu Lusia alikuwa hashikiki. Wageni wote wa mbio wangekula kwake. Dada yake Marsela angekuja kutoka Usevya na nusu ya ukoo. Tena yeye mwenyewe angekaa kwenye keria ya mumewe, Osward.

"Baba Faith, mwaka jana tulikuwa wa nne," alimwambia. "Mwaka huu kazana."

"Mwaka jana nilibeba mke," alijibu Osward akijaza upepo. "Mwaka huu nabeba mke na pilau lake."

"Rudia tena, utalala na hiyo baiskeli yako."

Mshindani wao mkubwa alikuwa jirani yao Ngolo, fundi baiskeli. Mkewe, Doto, ni mwembamba kama spoku. Kila jioni Ngolo alipita mbele ya nyumba akienda kufanya mazoezi kilimani, na kila jioni alipiga kelele: "Mama Faith! Punguza ugali! Unamwonea mwenzio!"

"Wewe pita tu!" alijibu Lusia. "Tutaonana majini!"

Basi mvua kubwa ya kwanza ikanyesha. Kesho yake asubuhi Lusia akafungua bomba, akaruka nyuma.

"Yesu na Maria! Nini hiki?"

Maji yalikuwa ya kahawia. Akayaacha yatoke kidogo. Yakawa yale yale. Muda si mrefu uwanja wake ukajaa wanawake wenye ndoo, na kila mmoja alikuwa na habari yake.

"Wamezidisha dawa."

"Hapana, ni ile pampu. Pampu imekufa."

"Mimi nimesikia ng'ombe katumbukia bwawani."

"Ng'ombe wawili," aliongeza Lusia, ambaye hakuwa amesikia lolote.

Hapo akaingia Prisila. Prisila ni jirani yao, na kazi yake ni kwenye mtambo wa kuchuja maji kule bwawani. Buti zake zilikuwa zimejaa tope.

"Ng'ombe hakuna," alisema. "Kwanza, haya maji msinywe hivi hivi. Yaacheni yatulie, tope lishuke chini. Yachujeni kwa kitambaa safi. Halafu chemsheni mpaka yatokote kabisa. Mmenielewa? Haya, mama Faith, vaa viatu. Nikakuonyeshe huyo ng'ombe wenu."

Walipanda kilima. Walipofika juu, Prisila akanyoosha kidole chini. Pale ambapo baiskeli zilikuwa zinateremka palikuwa na korongo. Lilikata kilima kama kovu, kutoka juu hadi majini. Tope lilikuwa bado linatiririka kuingia bwawani.

Walishuka taratibu mpaka karibu na maji. Pembeni kulikuwa na utando wa mafuta.

"Hii ni oili," alisema Lusia.

"Oili chafu. Mnapaka kwenye minyororo, kisha mnakuja kuosha baiskeli hapa." Prisila akafungua chupa yake ya maji. "Sasa angalia."

Akamwaga maji kidogo kwenye alama ya tairi iliyoshuka moja kwa moja. Maji yakakimbia chini na kubeba udongo. Akamwaga mengine kwenye majani makavu na nyasi chini ya miti. Hayakwenda popote. Yalizama taratibu.

"Umeona? Msitu unayashika maji. Unayachuja kabla hayajafika bwawani. Lakini mkipita baiskeli kila jioni, tena watu wawili wawili, nyasi zinakufa na udongo unabaki uchi. Mvua ikija inaubeba wote. Mtambo wangu unakamata tope, lakini likizidi unaziba."

"Kumbe ni sisi?" Sauti ya Lusia ilikuwa ndogo.

"Ni sisi wote. Mimi mwenyewe mwaka jana nilipiga makofi pale pale. Lakini sheria inakataza kufanya shughuli ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji. Sisi mwisho wa mbio tumeuweka ndani ya maji yenyewe!"

"Sasa mtazifuta?"

"Kamati ya bwawa inakaa Jumapili. Wengi wanataka zipigwe marufuku."

Lusia akaanza kupiga picha kichwani. Akamwona Marsela akishuka kwenye basi na nusu ya ukoo, halafu hakuna kitu cha kutazama.

"Dada Prisila, usinifanyie hivyo. Nimeshamwambia kila mtu."

"Kila mtu?"

"Mpaka Kabungu wanajua."

Prisila akacheka. "Sikiliza. Mimi sitaki mbio zife. Nataka zihame."

Akampeleka juu ya kilima, upande wa pili. Palikuwa na njia pana iliyokatwa msituni ili moto wa kiangazi usivuke. Nyasi zilikuwa zimeanza kuifunika.

"Hii barabara ya moto iko mbali na maji," alisema Prisila. "Inazunguka bwawa karibu lote. Mkiifyeka mkaitumia, itabaki wazi na moto hautapita. Na mkitaka kushuka, msishuke wima. Wewe ukibeba ndoo kichwani unashukaje kilima?"

"Nakata upande. Ukishuka wima si utabingirika?"

"Basi na njia ikate upande hivyo hivyo. Kila baada ya hatua kadhaa tunachimba kamfereji ka kutoa maji pembeni, yaende kwenye nyasi. Hapo hakuna korongo."

Lusia hakusubiri kesho. Jioni hiyo hiyo aliita watu, na watu walikuja, maana kwake hakukosekani uji. Aliwaeleza yote, na mikono ikieleza pamoja naye. Wengi walikubali. Ngolo akasimama.

"Njia sawa. Lakini bila maji tutamjuaje mshindi? Mnataka turudi kwenye mstari wa vumbi, tutwangane ngumi?"

Watu wakaanza kunung'unika. Hilo lilikuwa neno la kweli. Hata Osward alikuna kichwa. Lusia akamsogelea Ngolo.

"Ngolo, mkeo akikuita ukiwa kilabuni, unasikia?"

"Sauti ya Doto? Inasikika mpaka Kasokola!"

"Na bado harudi," alisema Doto. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Basi mwisho wa mbio uwe sauti," alisema Lusia. "Kule kwenye karakana yako kuna ringi la lori limelala. Tulitundike hapa kwangu. Anayekaa kwenye keria aruke chini, akimbie, aligonge. Chuma kikilia mara ya kwanza, nani atabisha?"

Watu wote wakamgeukia Ngolo. Kisha Ngolo akasema, "Kwani lazima liwe ringi langu?"

"Ndiyo, lazima."

Jumapili Lusia na Osward walisimama mbele ya kamati ya bwawa. Kamati ilikubali, lakini kwa masharti. Korongo lizibwe kwanza. Baiskeli zioshwe nyumbani, siyo bwawani, na oili chafu isitumike tena. Pawe na choo pale mbio zinapoanzia, watu wasiende vichakani karibu na maji.

Basi kazi ikaanza. Wengine walifyeka barabara ya moto. Wengine walipanga mawe na magogo ndani ya korongo ili maji yapunguze mbio na tope libaki nyuma. Pembeni walipanda nyasi. Ngolo alibeba mawe mengi kuliko wote kwenye baiskeli yake, na hakuacha kuwakumbusha. Lusia alipika na kusimulia, akasimulia na kupika.

Siku ya pili ya Noeli ikafika. Nyumba ilijaa mpaka kuta zinalalamika. Marsela alikuwepo, na ukoo haukuwa nusu, ulikuwa mzima.

"Kaa vizuri, mama Faith!" alipiga kelele Osward.

"Wewe kanyaga!"

Wakatoka kama mshale. Changarawe iliruka. Barabara ya moto ilikuwa pana, na kati ya miti ya miombo upepo ulipiga mluzi masikioni. Chini kabisa, kati ya majani, Lusia aliona bwawa liking'aa. Wakampita mmoja, wakampita mwingine. Mbele akabaki Ngolo peke yake.

"Ngolo! Punguza ugali!" alipayuka Lusia.

Ngolo akageuka kucheka, baiskeli ikayumba, Osward akamfikia. Wakashuka ile njia ya kukata upande sako kwa bako. Uwanja ukaonekana. Watu walikuwa wanapiga vigelegele. Lusia akaruka chini. Doto naye akaruka. Wakakimbia bega kwa bega, vitenge vimeshikwa mkononi, na Doto akanyoosha mkono wake mrefu.

Ngaaaa!

Ngolo na Doto walikuwa wameshinda, na hakuna aliyebisha. Lusia alimkumbatia Doto mpaka wote wakaanguka chini wakicheka.

Kabla hawajamaliza kula, mvua ikashuka. Ilikuwa mvua nzito, ya kupiga bati kwa hasira. Watu wote wakajibana ndani, watoto chini ya meza, Ngolo kwenye mlango wa jiko. Taratibu macho yakaelekea dirishani, upande wa kilima. Kila mtu alikuwa anafikiria lile korongo na maji ya bomba.

Ilipokatika, Lusia alichukua glasi, akatoka nje. Watu wakamfuata. Akafungua bomba. Akaijaza glasi, akainyanyua juu kwenye mwanga.

Kupitia kwenye glasi alimwona Prisila, upande wa pili, buti zake na tabasamu lake lote.

"Lete hapa!" Ngolo akanyoosha mkono. "Nina kiu ya kufa!"

"Chemsha kwanza!" walimpigia kelele watu wote kwa pamoja.

Lusia akaenda kuweka sufuria kubwa jikoni.