Dawa ya Mbwa Mgongoni mwa Paka

Mimi ni Snezhana. Nafanya kazi kwa daktari wa mifugo hapa mjini Pernik, na nakaa ghorofa ya nne. Chini yangu anakaa Rumen, mkewe Tsveta, na mama yake Rumen, Bibi Stoyanka. Ngazi kumi na sita tu zinatutenganisha. Nikizikumbuka naumia.

Bibi Stoyanka amepooza upande mmoja. Alikuwa na paka wawili, Matsa na Shusha, waliolala naye kitandani. Hawakuwahi kutoka nje. Siku moja miguu ya bibi ilijaa vipele, na Tsveta akaona kiroboto akiruka juu ya blanketi.

"Paka wa ndani hapati viroboto," alisema Rumen.

"Basi huyu ni nani, mgeni wa harusi? Panda kwa Snezhana ukamwulize."

"Jengo zima lijue sisi wachafu? Thubutu! Ninayo dawa ya viroboto ya mbwa wangu wa kuwindia. Kidogo tu. Kwani paka ni nini? Si mbwa mdogo?"

Akamtia Matsa matone mgongoni. Shusha alikimbilia nyuma ya kabati, na hiyo ndiyo pona yake.

Baada ya saa chache Matsa alianza kutetemeka, kisha akashikwa na degedege. Ndipo Tsveta akapanda kunigongea. Tulimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, tukamfunga taulo, tukakimbia naye kwa daktari. Matsa alifia mapajani mwangu, ndani ya gari.

Tuliporudi, nilikuwa na hasira na sikuificha.

"Rumen, kwenye kisanduku cha dawa kuna picha ya paka iliyopigwa mstari. Hukuiona?"

"Maandishi ni madogo."

"Picha si maandishi! Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina permetrini, kemikali ya kuua wadudu. Mwili wa paka hauwezi kuiondoa. Hata kidogo ni sumu. Paka ana dawa yake, na hupimwa kwa uzito wake. Hujui? Uliza! Kuuliza si aibu."

Rumen aliokota kisanduku akaitazama ile picha. Chumbani mama yake alikuwa akilia bila sauti.

"Lakini viroboto wameingiaje?" aliuliza Tsveta.

"Nani hushuka ghalani, chini ya jengo, kuchukua chupa za pilipili za akiba?"

"Mimi."

"Na huvaa nini miguuni?"

"Ndara hizi hizi. Ghala si humu humu ndani?"

"Kule wanalala paka wa mtaani. Ukitoka sokoni unavua viatu mlangoni, ukitoka ghalani unafika na ndara mpaka kitandani kwa mama. Tenga viatu vya ghalani."

Nikawaeleza yaliyobaki. Viroboto mnaowaona juu ya paka ni wachache. Mayai na mabuu wamo zuliani, kwenye nyufa, chini ya kitanda. Fyonza vumbi kila siku kwa mashine, na mfuko wake uutupe nje papo hapo. Fua matandiko kwa maji ya moto kila wiki. Paka na mbwa, kila mmoja apate dawa yake kila mwezi, kwa miezi mitatu au zaidi. Wengine wataendelea kutoka kwenye vifukofuko ambamo mabuu hugeuka viroboto, msikate tamaa.

Walifanya yote. Rumen aliyateremsha mazulia uani na kuyapiga mbele ya majirani. Hakuna aliyemcheka. Wanawake wawili walimwendea kumwuliza, maana nao walikuwa wakijikuna.

Mwezi wa tatu viroboto walikuwa wamekwisha. Miguu ya bibi ilipona.

Siku ya dawa ya mwisho, Rumen aliinunua mwenyewe. Alisoma karatasi yake yote, kisha akasogea kitandani. Bibi Stoyanka akamfunika Shusha kwa mkono wake mmoja wenye nguvu.

"Mama, hii ni ya paka. Nimesoma."

"Najua umesoma, mwanangu," alisema. "Mpe Tsveta aitie yeye."