Ukurasa Unaouliza Swali

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa tovuti, ambaye mdogo wake alipotea, akamtafuta hospitali zote mpaka soli za viatu zikaisha. Kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, aliweka programu: ukifungua ukurasa usiokuwepo, unaulizwa, "Unatafuta nini?" Majibu humfikia yeye. Wengi walitania: "Natafuta mume."

Mchana mmoja umeme ukakatika, ofisi yake isiyo na madirisha ikawa giza totoro. Kwenye laptopu yake likaingia jibu: "Kaka, natafuta mlango." Lilitoka kwenye kompyuta ya mdogo wake, ambayo rafiki yangu mwenyewe aliitoa betri na kuifungia kabatini humo ofisini.

Huku akilia, akabadilisha swali kwenye programu: "Mdogo wangu, uko wapi? Niambie tu, nakuja!"

Ndani ya kabati, vitufe vikaanza kugongwa, kimoja kimoja, polepole.