Blanketi la Choroko

Kila siku nikirudi shule, pale kwetu mjini Kalibo, nilikuta mambo ni yaleyale. Mdogo wangu Arnel amelala kwenye mkeka sebuleni, Mama amepiga magoti kando yake, anambana mabega kwa viganja, kisha mikono, kisha miguu, polepole lakini kwa nguvu. Halafu anamviringisha ndani ya mkeka kama anavyoviringisha lumpia, vile vichapati vyembamba vyenye nyama ndani, kichwa kikibaki nje, na Arnel anacheka. Mimi nasimama mlangoni, mkoba mgongoni, kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Subiri kidogo, Rizalyn," Mama husema bila kugeuka.

Kidogo ya Mama naijua mimi! Unaweza kupika wali ukaiva, ukapoa, na hiyo kidogo bado haijaisha.

Arnel ana miaka saba na ana usonji. Kelele ambazo wengine tunazisikia na kuzisahau, yeye humwingia zote kwa mpigo, pamoja na mwanga na harufu na watu, mpaka anaziba masikio na kujigonga kichwa. Mwalimu wake alimfundisha Mama kwamba uzito na kubanwa, pale anapotaka mwenyewe, humtuliza. Haya yote niliyajua. Lakini kujua ni jambo moja na wivu ni jambo jingine, na mimi wivu ulikuwa umenifika kooni.

Januari hiyo nilichaguliwa kucheza mstari wa mbele katika maandamano ya sikukuu ya kanisa ya Mtoto Mtakatifu. Baba ndiye mpiga ngoma wa kikundi chetu. Mama alikuwa ameniwekea kitambaa chekundu cha kunishonea vazi jipya. Basi siku moja nikakikuta kitambaa changu kwenye cherehani, kimeshonwa vijumba vijumba, na kila kijumba kimejazwa choroko. Lilikuwa blanketi zito la Arnel, la kumwekea mapajani na mabegani. Mimi, eti ningeshushiwa pindo la vazi la mwaka jana.

Mama alianza kunieleza sababu. Sikungoja amalize, nikatoka nje nikaupiga teke mgomba usio na kosa.

Kesho yake, Mama alipokwenda sokoni, nililichukua blanketi nikalisukumiza nyuma ya pipa la maji, pale tunapofulia nguo, nikalifunika kwa gunia. Aliporudi akaniuliza kama nimeliona. Nikasema sijaliona, na uongo ukanitoka bila hata kukwama. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku zote hizo Arnel alilitafuta chini ya kitanda, kabatini, hata ndani ya sufuria, akirudia neno moja tu, "Zito, zito." Nami nilijifanya nasoma, huku moyoni nasema, na wewe onja kukosa.

Ikafika Jumapili ya maandamano. Baba alitangulia uwanjani na ngoma yake. Nilikuwa nimeshajipaka masizi usoni kama wachezaji wote, nafunga mkanda, mara kikundi cha mtaa wa pili kikapita mbele ya nyumba na ngoma kama ishirini. Arnel alidondosha kijiko, akaingia chini ya meza, akaanza kujigonga kichwa kwenye mguu wa meza. Mama akajitupa chini akaweka mkono wake katikati, ili kichwa kigonge mkono na si mbao.

"Nenda tu, mwanangu," akaniambia kutoka huko chini. "Mimi siji. Blanketi lile nililishona ili nimfunike Arnel tukae kule nyuma ya kanisa, nikuone ukicheza. Bila hilo hawezi."

Mwaka jana Mama hakuniona nikicheza, na mwaka juzi pia. Mwaka huu alikuwa ametafuta njia, na njia yenyewe nimeizika nyuma ya pipa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nilikimbia nje nikaondoa gunia. Harufu ya uchachu ilinipiga puani. Choroko zilikuwa zimechipua, vimikia vyeupe vimetokeza kwenye kila mshono. Nililibeba hivyohivyo, maji yakidondoka sakafuni, nikasimama mbele ya meza.

"Nililificha mimi," nikasema. "Niliona wivu."

Mama aliliangalia blanketi, akaniangalia mimi. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema nilete mkeka.

Ngoma zilikuwa zimeshapita. Hatukumvuta Arnel. Mama alipigapiga mkeka mara mbili, akangoja, mpaka mwenyewe akatambaa akaja kulala. Mkono wa Mama ulikuwa umevimba.

"Siwezi kumbana," akasema. "Mbane wewe. Muulize kwanza."

"Arnel, nikubane?"

Akasema, "Dada. Zito."

Nilimgusa kidogo tu, kwa woga. Akaushika mkono wangu akaukandamiza begani mwake. Basi nikambana kwa nguvu, mabega, mikono, miguu, nikamviringisha taratibu, kichwa nje. Pumzi zake zikaanza kutulia chini ya viganja vyangu. Jasho lilikuwa linanitoka, na mikono inauma. Kumbe kazi niliyoionea wivu ilikuwa kazi kweli.

Kwa mbali tukasikia maandamano yameanza. Nafasi yangu ya mbele ilishakwenda.

"Haya, cheza," Mama akasema.

"Hapa? Bila ngoma?"

"Bila ngoma ndiyo vizuri. Na yeye ataona."

Nilicheza mwanzo hadi mwisho, peku, sebuleni. Arnel alinitazama kutoka ndani ya mkeka. Mama alinikazia macho, hakugeuka pembeni hata mara moja.

Baba aliporudi nilimweleza mwenyewe, na alinigombeza ipasavyo. Kesho yake nilifumua mishono yote, kuku wakafaidi choroko, nikafua kitambaa na kujaza kila kijumba vijiwe safi vya mtoni, huku Mama akipima uzito usizidi. Tulipomaliza akaniketisha karibu yake.

"Arnel akizidiwa husema neno moja tu, nasi tunajua la kufanya," akasema. "Wewe una maneno mengi, mwanangu, na hukutumia hata moja. Wivu ukiufukia hauozi, unachipua kama zile choroko. Ukiumia, njoo useme."

Nikamsogelea. Kisha nikasema, "Nibane na mimi."

Mama akaniwekea viganja mabegani. "Polepole au kwa nguvu?"

"Kwa nguvu," nikasema.