Nishani ya Sajini

Koti la kijeshi la Sajini lilikuwa kabatini kama kawaida, limepigwa pasi, vifungo viking'aa. Lakini kifuani, upande wa kushoto, nishani ya ushujaa haikuwepo.

"Ni yule mhudumu!" alifoka mtoto mkubwa wa Sajini. "Jumamosi jeshi linakuja kumuenzi mzee. Nitawaambia nini?"

Mhudumu, binti aliyeajiriwa kumwogesha na kumlisha mzee, alikuwa mahabusu tangu jana. Askari walipekua begi lake, godoro, hata pipa la unga. Hawakupata kitu. Lakini mnyonge hana mtetezi, na kesho angesimamishwa kizimbani.

Inspekta alikuwa mtu wa kununa, na asubuhi hiyo alinuna kupita kiasi. Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima. Alama za vidole zilikuwa za watu wa humo ndani tu. Akalipeleka koti dirishani, akapapasa pale kifuani. Nishani ilikuwa imeshonewa, kwa sababu mzee alizoea kujichoma na pini.

"Lo!" akaguna. "Mwizi gani huyu, anaiba kisha anatengeneza?"

Nyuzi hazikukatwa kwa pupa. Zilifumuliwa mojamoja, na matundu yakazibwa kwa uzi wa rangi ileile, mshono mdogo usiouona mpaka uuguse.

Chumba cha pili cherehani ilikuwa ikilia. Mke wa Sajini alikuwa fundi nguo tangu usichana. Inspekta akaketi mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mhudumu wenu anajua kushona?"

"Wapi! Hata kifungo namshonea mimi."

"Nani mwingine humu anashika sindano?"

Cherehani ikanyamaza.

"Mama, binti wa watu analala sakafuni."

"Najua."

"Kesho ni mahakamani."

"Najua, mwanangu! Nilidhani wasipokuta kitu watamwachia." Akajifuta macho kwa kitambaa alichokuwa akishona. "Ni mimi. Mkono umezoea, nimeona tundu, nikaliziba. Mfungulie mtoto wa watu. Nishani imo ndani ya mto wangu."

"Kwa nini, mama? Mali ni yenu wenyewe."

Akachomoa sindano kitambaani.

"Vitani alikuwa na mwenzake, wakimwita Kinyozi kwa kuwa alinyoa kikosi kizima. Walishambuliwa mtoni. Mume wangu akambeba mgongoni, risasi zinapita, mpaka ng'ambo. Alipomtua, roho ilishatoka. Kwa hilo wakampa nishani. Sasa uzee umemla kumbukumbu. Kila asubuhi analitaka koti lake, anaipapasa, ananiuliza, 'Kinyozi yuko wapi?' Nikimwambia amekufa, analia kama ndiyo kwanza anasikia. Kesho yake hivyohivyo."

"Ungemdanganya."

"Nilimdanganya. Akakaa langoni kutwa nzima akimngoja, chakula hataki." Akakikunja kitambaa mapajani. "Na huyo Kinyozi ni kaka yangu, mwanangu. Tumbo moja. Kila siku ya Mungu mimi ndiye wa kumzika upya. Nimechoka."

Inspekta alitazama chini.

"Na tangu uitoe?"

"Hajalia hata mara moja." Alitikisa kichwa. "Lakini Sajini ndiye aliyekuja kwetu kuleta habari ya msiba. Ndipo tulipojuana. Sasa kaka yangu amemtoka akilini, na mimi nimetoka pamoja naye. Jana ameniambia, 'Fundi, giza limeingia. Mumeo hakungoji?'"

Mtoto mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Kufoka kote kulimwishia.

Inspekta akapiga simu kituoni. "Mfungulieni yule binti. Sasa hivi. Na mumwombe radhi."

Mama alishaufumua mto. Nishani ilikuwa mkononi mwake.

"Si lazima umrudishie," Inspekta alisema taratibu.

"Najua."

Akaenda kuketi kitandani kwa mumewe, akamwekea kiganjani. Sajini akaipapasa, akaigeuza, akaipapasa tena. Kisha akainua macho.

"Kinyozi yuko wapi, mke wangu?"

"Amekufa, baba."

Mzee akaangua kilio. Mkewe akamkumbatia, akalia naye, na Inspekta akiwa mlangoni alimsikia akimsihi, "Niite tena. Niite tena hivyo."